Benchi la Watu Wawili

Mmeniomba niandike, na ombi lenyewe ni la ajabu, kwa sababu kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa mtu wa kazi ya kunyamaza. Lakini tangu nistaafu mwezi uliopita nimegundua kwamba nyumbani hakuna anayetaka niseme wala ninyamaze. Wanataka nitengeneze mlango wa choo. Kwa hivyo naandika, na mlango utangoja.

Sitasema habari za vyeo. Nilipandishwa cheo mara mbili, na ninachokumbuka ni kwamba mara zote mbili ofisi ilikosea jina langu. Nitaandika habari za benchi. Ninyi mlio kwenye kikundi sasa mnalibeba kila wiki bila kujua lilitoka wapi, na hamjui kwamba nusura lipotee mikononi mwangu.

Nilifika katika kituo chetu cha ufundi, nje kidogo ya mji wa Kitui, nikiwa na shahada ya fasihi na viatu vipya. Kituo kilikuwa cha vijana viziwi: ushonaji, useremala, uashi. Mimi niliajiriwa kufundisha lugha. Nilikuwa nimekaa chuo kikuu miaka minne nikiambiwa kwamba fasihi ni maneno na maneno ndiyo kila kitu, halafu wakubwa kwa hekima yao wakanipeleka kwa watu wasiosikia hata neno moja.

Sikukata tamaa. Kukata tamaa kunahitaji akili kidogo, na mimi nilikuwa bado sijaipata. Nilikuja na tamthilia moja ya kale niliyoipenda mno, ya ng'ambo, iliyotafsiriwa na kunakiliwa mara nyingi hivi kwamba nakala yangu haikuwa hata na jalada. Ni kisa cha mfalme anayepinduliwa na ndugu yake. Watumishi wanamkimbia mmoja mmoja, na katika onyesho la mwisho anaondoka ikulu akiwa amebakiwa na mke wake na kiti chake cha enzi, basi. Hapo mfalme hutoa hotuba ya kurasa tatu. Niliijua yote kwa moyo.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mimi ningekuwa mfalme, ningetoa hotuba kwa sauti, na mkalimani wa lugha ya ishara angesimama pembeni akiwatafsiria wanafunzi. Siku ilipofika, ukumbi mzima uligeuza viti ukamwelekea mkalimani, kijana mtanashati mwenye mikono mizuri. Nililia, nikapiga magoti, nikararua kola ya shati langu, na hakuna aliyekuwa akinitazama. Mfalme alipinduliwa mara mbili siku hiyo.

Onyesho lilipokwisha alinijia mwalimu wa ushonaji. Jina lake Syombua. Alikuwa mwanamke mfupi kutoka Makueni, kiziwi tangu utotoni, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mitano hivi. Alinipokea kitabu changu mkononi, akakipima unene kwa vidole, akaenda nacho hadi kwenye cherehani yake iliyokuwa ikiyumba. Akakitia chini ya mguu mmoja. Akaikanyaga cherehani, ikatulia kama imepigiliwa misumari.

"Anasema," mkalimani akaniambia bila kucheka, na hilo nalo ni kipaji, "kitabu chako ni kizuri sana."

Kisha Syombua akauliza swali. Mfalme anaondoka na kiti chake, sawa. Kiti hicho ni kizito kiasi gani?

Sikujua. Katika miaka minne ya chuo kikuu hakuna profesa aliyewahi kuuliza uzito wa kile kiti. Tuliuliza kinaashiria nini.

Viziwi wana desturi ya kumpa mtu jina la ishara, na huwezi kujichagulia. Mmoja hupewa kwa kovu lake, mwingine kwa mwendo. Langu Syombua alinipa siku ileile: vidole vinne vikigongana na dole gumba, kama mdomo wa bata asiyechoka. Ndilo jina langu hadi leo. Hata kustaafu hakukunifutia.

Alinifundisha kazi mwaka mzima kabla ya kuniruhusu kusimama mbele ya watu. Kwanza nilibeba debe la maji kutoka tangini hadi jikoni, kila siku baada ya masomo, yeye akitembea kando akinitazama bega. Debe likijaa, bega linasema kitu. Likibaki nusu, linasema kingine. Baada ya wiki sita akaniondolea debe nikabeba hewa. Aliponiona nimeibeba hewa kama hewa, alinirudisha kwenye maji. Hivyo hivyo kwa jembe, kwa mtoto, kwa gunia la pojo. Wanafunzi walidhani nimepewa adhabu, na walinionea huruma nikapunguziwa zamu ya kuosha sufuria.

Sheria zake zilikuwa chache. Midomo isitembee jukwaani. Lugha ya ishara nayo isiingie, na hapo nilibishana naye, kwa sababu niliona ndiyo lugha yake. Alinijibu kwa mikono, polepole kama anavyoelezwa mtu mgeni wa nchi: "Ishara ni maneno. Maneno tunayo mchana kutwa. Hapa tunafanya kazi." Sheria ya tatu ni ile ya pumzi. Mnapoinua kitu wawili, mnavuta pumzi pamoja. Mkikibeba, mmoja hatoi pumzi peke yake. Kwa viziwi na wanaosikia hii ndiyo ngoma pekee inayofaa wote.

Ni yeye aliyekifanya kiti cha enzi kuwa benchi. Nilipinga. Nilimwambia mfalme hakai benchi. Akaniambia kigoda hubebwa na mtu mmoja, na mfalme akiweza kuondoka peke yake, mke wake wa nini pale? Tafuta kitu kisichobebeka na mtu mmoja. Basi hotuba ya kurasa tatu ikatoka, likaingia benchi.

Tulitafuta la kweli kwanza. Kanisa moja karibu na soko lilikuwa limetupa benchi kuukuu la mbao nzito, mguu mmoja umeungwa kwa bati. Tulilibeba miezi mitatu, uwanja mzima, kwenda na kurudi, mimi mbele nikirudi kinyumenyume, yeye nyuma. Na kwa kuwa mimi ni mrefu na yeye alikuwa akinifikia kifuani, ilinibidi nikunje magoti ili benchi lisipinde. Nilijifunza kutembea nimekunja magoti kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Tukichoka tulilikalia. Miguu yake haikufika chini. Ilining'inia, akaichezesha mbele na nyuma, na alinionya nisije nikataja jambo hilo kwa mtu yeyote. Nimelificha hadi aya hii.

Siku moja akalipeleka lile benchi stoo, akarudi mikono mitupu, akainama kwenye ncha yake. Nami nikainama kwenye yangu. Tukavuta pumzi. Lilikuwa zito kweli.

Mara ya kwanza kuonyesha mbele ya watu wasiotujua ilikuwa Tseikuru, siku ya mnada wa mifugo. Tulicheza kwenye uwanja wa vumbi mbele ya zahanati, jua la saa tisa, watu wamesimama na kamba za mbuzi mikononi. Nilijua tutazomewa. Wale ni watu wanaokadiria uzito wa fahali kwa jicho, utawadanganya nini kwa benchi la hewa? Lakini tulipoinua, mnada ulinyamaza. Mfalme na mkewe walitoka ikulu hatua kwa hatua, wakachoka, wakalitua, wakakaa. Mwisho wa mchezo ni huo: wanakaa. Kisha tukainuka tukainamisha vichwa, watu wakapiga makofi, na wakaanza kutawanyika kupitia palepale uwanjani.

Nilikuwa nikifuta jasho Syombua aliponivuta shati. Alinionyesha kwa macho tu. Kina mama wenye mitungi walikuwa wanakata uwanja kwenda kisimani, na walipofika pale tulipoliacha benchi, walikunja njia wakalizunguka. Mmoja baada ya mwingine. Mbuzi walipita katikati, lakini mbuzi hawana adabu.

Mzee mmoja mwenye kofia ya pama alisimama akanitazama kwa ukali.

"Sasa hiyo benchi mnaiacha hapo?"

"Mzee, hakuna benchi."

"Najua hakuna. Nauliza kama mnaiacha."

Nikamtafsiria Syombua, akacheka hadi akashika kiuno. Ndipo aliponipa kipimo ambacho nimekitumia maisha yangu yote ya kazi: makofi ni adabu, watu hupiga hata wakiwa wamelala. Miguu haijui adabu. Tazama miguu.

Baada ya hapo tulizunguka Kitui yote na Makueni nusu. Kwenye kumbi za shule, viwanja vya makanisa, vyumba vya mikutano ambapo picha ya mkubwa fulani hututazama kwa mashaka. Katika mji wa Mwingi kulikuwa na muuza vitambaa, Bi Mwanaisha, ambaye babu zake walipanda kutoka pwani na Kiswahili chao wakakileta kikiwa kimekunjwa vizuri ndani ya sanduku. Alikuja kututazama, kisha akamwita Syombua dukani, na mimi nikiwa mkalimani. "Mwambie mwenzio," akasema, "malkia hata afukuzwe, leso yake haiburuti. Njoo nikufunge, mwanangu, utoke na heshima zako." Alimfunga kwa mkono wake mwenyewe. Leso ile ndiyo mnayoitumia hadi sasa, na ikichafuka ifueni kwa maji baridi.

Miaka kumi na minne tulilibeba. Sikuwahi kuhesabu maonyesho. Nilichohesabu ni miguu, na kila mahali haikupita katikati asilani. Kuna siku nilimuuliza Syombua kama hachoki kubeba kitu kimoja. Alinitazama kama nimemuuliza kama hachoki kula.

Kisha aliugua, na hakuugua kwa muda mrefu. Tulimzika kwao Makueni, kwenye mteremko ambao gari halifiki, jeneza likabebwa na watu sita waliokuwa wakipishana pumzi vibaya. Niliona jambo hilo na nikakasirika, kisha nikajionea aibu kwa kulikasirikia.

Katika mazishi yale walizungumza watu kumi na mmoja kwa kipaza sauti. Kwa mwanamke asiyewahi kusikia neno. Hakukuwa na mkalimani. Aliyealikwa hakufika, na mimi nilikuwa mbele na waombolezaji wakuu, nimevaa suti, nikijiona mtu wa maana. Wanafunzi wake viziwi walisimama nyuma kabisa, wakitazama koleo. Mchungaji akaniita: "Mwalimu aliyefanya naye kazi, maneno machache."

Nilisimama. Na kule nyuma nikamwona Kyalo, kijana wa useremala aliyekuwa akituchezea ndugu msaliti. Alikuwa ameinama. Mikono yake ilikuwa chini, viganja juu, vidole vimekunjwa kwenye ncha ya kitu. Alikuwa ameshika upande wa Syombua wa benchi, na alikuwa ananingoja mimi nishike wangu. Wenzake wote waligeuka wakanitazama.

Nami nikashika kipaza sauti.

Nilizungumza dakika kumi. Nilizungumza vizuri, nilitumia methali, nilinukuu maandiko, na mama mmoja akasema "Aiya, huyu amesoma." Nilipotupa jicho nyuma, Kyalo alikuwa analiweka benchi chini, polepole, peke yake, asilivunje. Hakuniuliza kitu siku ile wala baadaye. Mnajua jina langu la ishara. Sikuwahi kulistahili kama siku ile.

Huenda ndiyo sababu sikumruhusu Kyalo wala mtu mwingine kushika upande ule. Nilitangaza kwamba nitacheza onyesho la benchi peke yangu. Nilieleza kisanaa: mfalme amebaki na kumbukumbu ya malkia, na kadhalika. Nilibeba ncha yangu na kuitazama ile nyingine kwa namna ambayo watu walisema wanamwona mtu pale. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alitokwa na machozi akaniambia hajawahi kuona upweke ukichezwa hivyo. Nilimshukuru kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Lakini miguu, ndugu zangu. Watu walipiga makofi, walisimama, walifuta macho, kisha wakakata uwanja katikati ya benchi. Kina mama, machifu, watoto, mchungaji mmoja na baiskeli yake. Kila mahali, miaka sita. Sikumwambia mtu. Nilijipa sababu: uwanja mbaya, watu wana haraka, mvua inakuja. Mvua, Kitui! Ukweli nilikuwa naujua na sikutaka kuukaribisha. Syombua alikuwapo machoni pangu, na walikuwa wananiona mimi nikimwona. Benchi halikuwapo. Benchi halibebwi na mtu mmoja. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza.

Mutheu alikuja miaka mitatu iliyopita. Wengi wenu mnamjua kama kiongozi wenu na mnamwogopa, lakini wakati huo alikuwa msusi kutoka Nuu aliyejibu tangazo letu. Wazazi wake wote wawili ni viziwi, kwa hivyo mikono yake ilianza kusema kabla ya mdomo. Ni mrefu, karibu anifikie mimi. Alijifunza debe la maji kwa wiki mbili.

Wakati huohuo magoti yangu yalikuwa yakilia kama bawaba. Daktari aliangalia picha akaniuliza kazi yangu ni ya namna gani. Nikamwambia nabeba benchi. Zito kiasi gani? Nikamwambia halipo. Aliandika kitu kirefu kwenye faili langu ambacho sijawahi kuonyeshwa, kisha akanipa mwaka mmoja wa kukunja magoti, si zaidi.

Kikundi kikaketi. Iliamuliwa kwamba nisipompa mtu benchi kabla sijaondoka, tamthilia ile itolewe kabisa kwenye orodha, kwa sababu bila onyesho la mwisho haina maana. Mutheu ashike upande wa malkia, na nikiondoka Kyalo ashike wangu. Nilikubali. Nilikubali kwa mdomo, kiungo changu chepesi.

Tulionyesha Nuu, kwao Mutheu, wazazi wake wamekaa mstari wa mbele. Tuliinua. Hatua tatu, na nikasikia kicheko kule nyuma. Kisha kikaenea.

"Shikeni vizuri, itawaangukia!" mama mmoja akapaza sauti.

"Huyo baba amechoka, msaidieni!" mwingine akadakia. "Mfalme gani anachuchumaa?"

Baba yake Mutheu, fundi wa baiskeli, alinyoosha mkono wake ukalala kama meza, halafu akauinamisha taratibu upande mmoja, akimwonyesha binti yake: limepinda. Mutheu alimaliza mchezo bila kutikisa uso. Tulipotua benchi, watu walikuwa wameshaanza kusimama.

Kesho yake alinikuta kwenye chumba cha ushonaji. Alikuwa amechukua utepe wa kupimia uliokuwa ukining'inia ukutani, wa njano, uliofutika namba. Ulikuwa wa Syombua, ila yeye hakujua.

"Mwalimu, nina swali moja tu. Wewe huwa unabeba benchi na nani?"

"Na wewe."

"Si mimi. Inama kama umeshika."

Nikainama. Akapima kutoka sakafuni hadi kwenye viganja vyangu, akashika mahali hapo kwa kidole. Kisha akajipima mwenyewe.

"Yangu iko hapa. Yako iko hapa chini. Ili hiyo benchi ilale sawa, yule mwenzako anafaa awe na urefu huu." Akaweka ukingo wa mkono chini kidogo ya bega lake. "Huyu ni nani?"

Mdomo ukaanza kazi. Nilimweleza kwamba mfalme ameinama kwa uzito wa huzuni, kwamba kuna mkabala fulani wa uigizaji, kwamba watazamaji wa Nuu hawajazoea. Aliniacha nimalize, kama anavyomwacha mteja aseme mtindo anaoutaka huku yeye anaona nywele zenyewe.

"Sori, Mwalimu, lakini magoti yako yanaisha kwa ajili ya mtu hayuko. Mimi niko. Nikishindwa hii kazi narudi saluni, hakuna shida, nywele hazinitishi. Lakini sirudi kwa sababu baba yangu ameona ukibeba na mtu mwingine."



Alikwenda stoo akaliburuta lile benchi la kanisa, lenye vumbi la miaka, mguu wa bati umeota kutu. Akashika upande wa nyuma. Nikashika wa mbele. Tukavuta pumzi, tukainua, nami nikakunja magoti kama kawaida, benchi likainama kwangu.

"Unasikia uzito uko wapi?" akauliza.

Ulikuwa kwangu wote. Mwili haudanganyi kama mwalimu. Ncha iliyo chini hubeba zaidi, kila mtu aliyewahi kuteremsha kabati anajua hivyo.

"Sasa simama, Mwalimu. Simama tu."

Nataka niwaambie ukweli kuhusu kitendo hiki kidogo, kwa sababu ndicho kigumu kuliko vyote nilivyofanya kazini. Nilinyoosha magoti. Benchi likalala sawa. Uzito ukagawanyika, maumivu yakashuka kama maji, na nikahisi kwamba ng'ambo ya pili mtu mfupi ameachia, ameanguka. Niliona kama nimemwangusha mimi. Tulitembea nalo urefu wote wa uwanja na nililia njia nzima, na Mutheu alikuwa anarekebisha pumzi zake kufuata kilio changu, ili lisianguke.

Tulipolitua alikaa. Miguu yake ilifika chini vizuri.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Nilifungua kinywa, kisha nikakifunga. Nikainua mkono nikamwonyesha jina la ishara la Syombua: vidole viwili vikivuta uzi kutoka tundu la sindano, hadi mbali, hadi mkono unyooke. Sikuwa nimelitaja tangu Makueni. Mutheu akalirudia mara moja, polepole, kuhakikisha uzi haukatiki.

Onyesho langu la mwisho tulilipeleka Nuu tena. Mimi nilitaka mahali pengine, ambako hawajui kwamba mfalme huchuchumaa. Mutheu alikataa. "Ni kwetu. Walicheka pale, wamalizie pale."

Siwezi kuwaeleza jinsi tulivyocheza, kwa kuwa nilikuwa ndani. Najua nilisimama wima. Najua pumzi zilikwenda pamoja. Nilimtazama Mutheu machoni, macho ya Mutheu, na sikuona mtu mwingine, na hilo liliniuma na lilikuwa sawa. Tukalitua. Tukakaa. Makofi yakaja, na mstari wa mbele viziwi wakatikisa viganja vyao hewani kama majani. Baba mtu alilaza mkono wake kama meza, na haukuinama.

Halafu watu wakaanza kuondoka kupitia uwanjani. Nilijisingizia kukunja leso. Sikuwa nimewahi kumwambia Mutheu habari za kipimo. Kulikuwa na vitu nilivyobakiza kwa uchoyo. Mama mmoja alikuja moja kwa moja, mtoto mgongoni, simu sikioni, akigombana na mtu kuhusu bomba la maji. "Nilikuambia uifunge! Si nilikuambia?" Alikuwa hatazami mbele. Alifika penyewe, hatua moja zaidi na angeligonga, na bila kukatiza ugomvi wake akakunja njia, akazunguka, akarudi kwenye mstari wake. Nyuma yake wawili wengine. Kisha mzee na fimbo.

Nikahisi shati linavutwa.

Mutheu alikuwa amenishika mkunjo wa shati, palepale pa zamani, na hakuna aliyemfundisha. Alinionyesha kwa macho tu. Nilikuwa na mengi ya kusema, ninyi mnanijua. Sikusema hata moja.

Pikapu ilipopiga honi tulipakia vitu vyote: ngoma, sanduku la poda, leso, fimbo yangu. Benchi hatukulichukua. Liko Nuu, uwanjani tulipocheza, mbele ya ofisi ya chifu, upande wa kushoto ukitoka barabarani. Lenu amewatengenezea Kyalo. Anajua kulishika, na upande upi, tangu zamani kunishinda. Lile liacheni. Mkipita huko na mzigo, zungukeni. Ni refu, limelala sawa kabisa, na katikati pana nafasi ya mtu mfupi kukaa, miguu ikining'inia, akiichezesha.